Alikula Garanti Akiogopa Kufukuzwa: Majuto ya Mwandishi wa Kontra wa Lumumba

Saa mbili na robo asubuhi, kartie Lumumba, mtaa wa Bunia, mashariki mwa Kongo. Mvua imekatika, lakini bati la veranda bado linadondosha matone moja moja, na Louis Uyirwoth amesogeza meza yake kidogo ili yasimpate. Karatasi nyeupe, kaboni, karatasi nyeupe, kaboni, karatasi nyeupe. Anazigonga mezani kusawazisha ncha, anazivingirisha kwenye mashine ya kuandikia, kisha anainua vidole viwili hewani kama padri anayetaka kubariki.

Huandika kwa vidole viwili tu. Vile vinane vilivyobaki, husema, Mungu alimpa kwa ajili ya kumegea fufu.

Mwanamke mwenye beseni la maparachichi kichwani anasimama mbele yake.

"Papa Louis, niandikie kontra ya nyumba. Mwenye parsele ananingojea."

"Leo hapana, mama. Kuya kesho. Leo niko na muteja mugumu sana."

Mama anageuza shingo pamoja na beseni lake, kushoto, kulia. "Sioni mutu."

"Ni miye mwenyewe."

Mama anacheka na kwenda zake. Louis anacheka naye mpaka anapofika kona, kisha uso unarudi mahali pake.

"Nimeandikia watu kontra zaidi ya elfu mbili," anasema Louis, mwenye umri wa miaka 53. "Watu wa kartie wanasema elfu kumi, wacha waseme. Lakini hii moja ndiyo inanishinda."

Kontra hiyo, yaani mkataba wa kupanga, ni ya chumba kimoja kilicho nyuma ya nyumba ya mama mjane, mahali palipokuwa pakiwekwa makaa. Jumatatu asubuhi Louis anatakiwa kuifikisha katika ofisi ya uhamiaji ikiwa na muhuri wa shefu wa kartie. Asipoifikisha, faili yake itafungwa, naye atavushwa mpaka kurudi Uganda, nchi aliyoiacha akiwa na miaka 22.

Alizaliwa Panyimur, ng'ambo ya Ziwa Albert. Kule wanaongea Kialur, na huku upande wa Mahagi wanaongea Kialur. Bibi yake mzaa mama amezikwa huku, babu amezikwa kule, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuuona huo mstari unaosemekana kupita katikati ya maji. Alivuka kwa mtumbwi wa wafanyabiashara mpaka Kasenyi, akiwa na mashati mawili na mashine aliyoachiwa na mwalimu wake.

Kuhusu mashine hiyo Louis ana habari zake. Anaapa kwamba mtumbwi ulipigwa na wimbi, mashine ikazama siku mbili, wavuvi wakaitoa kwa wavu, na siku ya kwanza alipogonga herufi, kasamaki kakaruka kutoka ndani na kuangukia kwenye karatasi. Kasamaki hako kamekuwa kakikua mwaka hadi mwaka. Mwaka huu kametosha kulisha watu watatu.

Ukweli usiohitaji kukuzwa ni kwamba mashine imelisha watu watatu. Kompyuta zimejaa mjini, lakini umeme ukikatika wenye kompyuta hukaa wakitazamana, na foleni huhamia kwa Louis. Kontra ya nyumba, nakala tatu, ni franka elfu tano. Siku njema huondoka na elfu ishirini. Siku ya mvua huondoka na kikohozi.

Mke wake, Anastasie, ni mzaliwa wa Mahagi na huuza samaki wakavu wanaopanda kutoka Kasenyi. Binti yao Bijou yuko sekondari. Kwa miaka tisa watatu hao walipanga nyumba ya Mama Geneviève, yule mjane, vyumba viwili na sebule, kwa dola arobaini kila mwezi. Kwenye kontra ya kwanza Louis alijiandika mtu wa Mahagi. Hakuna aliyeuliza. Angeuliza nani, wakati mwandishi na mpangaji walikuwa mtu mmoja?

Mwezi wa tatu mwaka huu kijana mmoja nadhifu alikuja mezani. Alikuwa mgeni mjini, amehamishiwa kazi Bunia, na alitaka kontra. Louis alimwandikia vizuri, akamshauri hata aongeze kifungu cha choo, maana choo ndicho huvunja urafiki wa wapangaji. Mwishoni kijana akakosa shahidi wa pili.

"Muzee, tia sahihi weye. Andika na namba ya kadi yako."

Jambo hilo Louis, asiye na kadi ya utambulisho, alikuwa amelikwepa miaka thelathini. Akiombwa kuwa shahidi, hukumbuka ghafla kwamba tumbo linamuuma, au humwita mpita njia. Siku hiyo njia ilikuwa tupu.

"Kadi iko nyumbani," akasema.

"Nitangoja."

"Nyumbani iko mbali."

"Mbali wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa," akasema Louis, akitumaini mzaha ungemwokoa.

Kijana hakucheka. Alikuwa mfanyakazi wa uhamiaji.

Hakumtukana wala kumshika kola. Alilipa franka zake elfu tano, akakunja kontra, akamwambia kwa heshima afike ofisini Jumatatu. Huko Louis aliambiwa kwamba faili yake itapelekwa juu ichunguzwe, na kwamba wakati wa kungoja anaweza kuitwa saa yoyote, kuwekwa ndani na kuvushwa. Alirudi nyumbani na neno hilo, saa yoyote. Alilala nalo, akaamka nalo, akanywa nalo chai.

Na kila alipolinywa, alimwona Rebecca.

Rebecca alikuwa msusi wa nywele, Mganda, akiishi njia ya tatu kutoka veranda. Watu wa uhamiaji walimchukua Jumanne, miaka miwili iliyopita. Jumamosi mwenye parsele, yaani mwenye kiwanja alichokuwa akipanga Rebecca, akaleta mpangaji mpya kwa Louis.

"Ile kontra niliandika miye," anasema, na vidole viwili vinashuka juu ya mashine bila kugonga. "Nilijua kitanda ya Rebecca iko inje, mvua inainyeshea. Alikuwa ananipitishiaka chai asubuhi, yule mwanamuke. Na miye nikauliza tu: garanti miezi ngapi? Nikaandika. Garanti ya Rebecca, miezi tano, sikuuliza imeenda wapi."

Nani asiyejua mambo ya garanti Bunia? Siku ya kuingia unaweka mikononi mwa mwenye nyumba kodi ya miezi kadhaa. Siku ukiamua kuhama, mara nyingi hurudishiwi noti: unaikula, yaani unakaa miezi ileile bila kulipa, ikiisha unafunga mizigo. Hapatolewi barua. Mwezi ukifika mwisho na mpangaji hakubisha hodi na pesa mkononi, mwenye nyumba ameshaagwa.

Louis aliijua desturi hiyo kuliko yeyote mjini. Mwisho wa mwezi wa nne hakubisha hodi.

"Nilisema garanti yangu haitabaki kama ya Rebecca. Miezi sita! Wakinichukua, wakute nimeshaimaliza," anaeleza. "Kichwani ilinionekania akili sana. Nilijisifu, ata."

Hakumwambia Mama Geneviève. Hakumwambia mke wake pia. Dola arobaini za kila mwezi alizificha ndani ya sanduku la mashine, akiba ya siku ya kuvushwa, naye akaendelea kusalimia watu uani kama kawaida.

Mama Geneviève ana miaka 71, mjane wa dereva wa lori. Majirani wanasema akikasirika hata jogoo wake huomba ruhusa ya kuwika. Lakini mwezi ule hakusema neno, wala uliofuata.

"Mutu akianza kula garanti, utamuuliza namna gani?" anasema, akiwa amekaa kwenye kibaraza chake. "Ukimuuliza ni kama unamufukuza. Nilisema, miaka tisa, na anaondoka bila ata kuniambia kwaheri. Bijou nilimubeba mugongoni akiwa na malaria. Nililia kidogo. Alafu nikatafuta mupangaji."

Nyumba Bunia haikai tupu siku hizi. Tangu watu wakimbilie mjini kutoka vijijini, chumba kikitajwa asubuhi, jioni kina mapazia. Delphin, mnunuzi wa dhahabu anayetoka Mongbwalu, alikuwa amebanana na watoto wake kwa kaka yake, watu tisa ndani ya vyumba viwili. Alilipa garanti mwezi wa sita, akakubali kungoja mpaka tarehe mosi ya mwezi wa kumi, Louis atakapokuwa amemaliza yake. Mama Geneviève akaipeleka pesa yote kwenye mabati, kwa kuwa paa lilikuwa limevuja miaka mingi.

Mafundi walipopanda juu ya nyumba mwezi wa saba, Louis alifurahi kupita kiasi. Aliwatangazia wenzake wa veranda kwamba mama mwenye nyumba anampenda kuliko watoto wake wa kuzaa. Mabati yenyewe, alisema, yanang'aa mpaka ndege za uwanja wa Bunia zinayumba zikipita.

"Nilibeba ata misumari," anasema sasa. "Nilisaidia kufunika nyumba ya mutu mwingine, na nilikuwa naimba."

Kisha, mwezi huu wa tisa, yule kijana wa uhamiaji akamwita. Louis alivaa mashati yote mawili, moja juu ya jingine, akijua kwamba mahabusu kuna baridi. Kijana akamsukumia kiti.

"Muzee, uko na bahati. Wamekubali upewe kibali ya mwaka moja, alafu tutaona. Lete karatasi ya shefu wa kartie na kontra ya nyumba yenye iko na nguvu, ili tujue unakaa wapi. Wiki mbili."

Anasema alikimbia. Kwa maneno yake mwenyewe aliipita pikipiki moja, na dereva akamuuliza anatumia petroli gani. Kontra yake ya zamani ilikuwa imeisha muda. Akakaa mezani, akachapa mpya kwa nusu saa, akaenda nayo uani huku wino bado unanuka.

Mama Geneviève alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, tutie sahihi kontra mupya. Nimeshaiandika, bado tu sahihi yako."

Hakuinua kichwa. "Kontra ya nyumba gani?"

"Hii yetu."

"Hii iko ya Delphin. Anaingia mwezi wa kumi. Weye si uko unakula garanti?"

"Nilikuwa naikula ju ya uoga, mama. Sikutaka kutoka."

"Uoga ya nani? Yangu miye?"

"Ya kufukuzwa inchi."

Hapo ungo ukatua chini. "Kufukuzwa inchi? Papa Bijou, weye si mutu wa Mahagi?"

"Niko wa Panyimur, mama. Kwenye ile kontra ya kwanza nilidanganya."

"Miaka tisa."

"Miaka tisa."

Louis alikimbia ndani, akarudi na pesa za sandukuni, akaziweka pembeni mwa maharage. Mama Geneviève akazisukuma kwa mgongo wa kiganja, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye mabati.

"Pesa ya Delphin iko pale juu ya kichwa yako. Nizivue? Watoto yake wanalala kama samaki ndani ya gunia, na neno nilimupa." Akauokota ungo wake. "Ungeniambia tu. Kukuficha singeweza, niko muzee. Lakini ningekungojea. Nyumba hii ingekungojea."

Anastasie alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, beseni la samaki bado kichwani. Alikuwa amesikia yote. Majirani waliokuwapo wanasema walitazamia kelele, na wengine walikwisha kusogeza viti vyao karibu na ukuta. Kelele hazikuja.

"Siye tuko watatu," alimwambia mume wake. "Na ulikula nyumba peke yako."

Tangu hapo hakumwelekezea tena neno. Alipitia kwa binti: "Bijou, ambia baba yako maji ya kuoga iko tayari." Louis, hatua mbili tu kutoka hapo, alikuwa akingoja Bijou amrudishie.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba dawa alikuwa nayo. Wateja wake wageni, kutoka ng'ambo ya ziwa na kwingineko, aliwapa ushauri ambao hakuwatoza franka: andika majina mawili, lako na la mtu ambaye hafukuzwi, ili ukichukuliwa yeye abaki na ufunguo. Halafu mwambie mwenye nyumba mapema, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na majirani. Anastasie ana kadi yake. Lakini kontra ya Louis ilikuwa na jina moja.

"Niliona haya," anasema. "Mwanaume aandike bibi yake ndani ya kontra, watu watasema nyumba iko ya nani? Kiburi ya jogoo. Na jogoo, unajua inaishia wapi."

Siku ya nne Mama Geneviève aliita. Hakumwita Louis, alimwita Anastasie. Walikaa saa nzima mbele ya stoo ya makaa, na walipoinuka wote wawili walikuwa wameshika mafagio.

Chumba kina upana wa hatua nne. Wamekiosha mara tatu, na bado ukuta ni mweusi: Bijou aliuegemea akiwa na shati la shule, akaenda darasani na ramani mgongoni. Louis anadai kwamba akipiga chafya humo yanatoka makaa ya kuchemshia chai ya watu wawili. Kodi ni dola kumi na tano. Vitanda viwili haviingii, kwa hiyo kimoja kitauzwa.

"Iko ndogo," anasema Mama Geneviève, "lakini iko na anwani."

Kuhusu Rebecca, hakuna chumba cha nyuma. Wiki iliyopita Louis alikwenda kwa yule mwenye parsele kuuliza, baada ya miaka miwili, ile garanti ya miezi mitano iko wapi. Mtu huyo alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Unaniuliza miye?" alimjibu. "Si weye ndiye uliandika?"

Louis alirudi mezani kwake. Amemtumia Rebecca salamu ng'ambo kupitia kwa wanawake wanaonunua samaki pamoja na Anastasie. Wamerudi mara mbili bila habari.

Saa nne inakaribia. Kwenye veranda vidole viwili vimeshafika mahali pa majina. Vinagonga haraka jina la kwanza: Anastasie Afoyorwoth, mzaliwa wa Mahagi. Kisha la pili, Louis Uyirwoth, mzaliwa wa. Hapo vinasimama. Vinaelea juu ya herufi kana kwamba P imehama kartie. Halafu, polepole, neno ambalo mashine hii haijawahi kuliandika kwa ajili ya mwenye nayo: Panyimur.

Kifungu cha saba ni chake mwenyewe. Anakisoma kwa sauti huku akikiandika: mpangaji mmoja akikamatwa au akivushwa mpaka, mwenzake anabaki na nyumba, garanti na vitu vyote, na mwenye nyumba hataingiza mtu mwingine bila kuzungumza naye kwanza. Kifungu hicho amekusudia kumwandikia bure kila mgeni atakayekaa mbele ya meza hii, atake asitake.

Kifungu cha nane kilisemwa na Mama Geneviève, aliyeagiza kisiguswe hata nukta. Kinasema: Mpangaji akiwa na shida, aseme kwa mdomo.

"Kontra haiandikwi vile," Louis ananung'unika. Anakiandika vilevile.

Anastasie anapita akielekea sokoni. Anashusha beseni kwenye ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maharage anamuuliza yeye mwenyewe bila kupitia kwa mtoto.

"Jina yangu iko mbele?"

"Iko mbele."

"Nionyeshe."

Anamwonyesha. Anastasie anaweka kidole chini ya jina lake, kidole chenye magamba ya samaki, na kukipitisha mpaka mwisho wa mstari. Louis anazitoa karatasi kwenye mashine. Nakala ya juu, ile yenye wino mweusi, kwenye kontra zake mwenyewe huwa anajiwekea yeye. Leo anaikunja na kumpa mke wake. Yeye anabaki na ya kaboni, iliyofifia. Ya katikati, Mama Geneviève akishaitia sahihi, ndiyo itapanda kwa shefu kupigwa muhuri, halafu ofisini Jumatatu.

Akipewa kibali, kuna jambo moja anataka kulifanya kabla ya mengine yote. Hazungumzii kurudi kwenye nyumba ya mabati mapya. Hiyo imekwenda, na anajua ni nani aliyeiondoa.

"Kibali iko na namba," anasema. "Mutu akikuya hapa na kukosa shahidi wa pili, sitamutafutia mupita njia. Nitasema: leta. Nitaandika jina, nitaandika na namba."

Beseni la maparachichi linachomoza tena kwenye kona. Mwenye parsele hakuweza kungoja mpaka kesho, mama analalamika, na zaidi ya hayo anataka mashahidi wawili, naye ana mmoja tu.

"Papa Louis, utanisaidia? Kuwa shahidi wangu."

Louis anasogeza meza kidogo, tone lisimpate. Anaingiza karatasi mpya.

"Kontra nitakuandikia sasa hivi," anasema. "Lakini ile sahihi, mama, nakuomba. Mwambie angoje mpaka Jumatatu."